Upinde Ulibaki, Mafundisho Yakaenda

(Hii ni hotuba iliyotolewa kwa wazazi na vijana Siku ya Familia, baada ya ibada, hapa Kanyakine. Tumeichapa karibu kama ilivyosemwa.)



Nimepewa dakika ishirini tu, na mwenyekiti ameninong'oneza kwamba chakula kiko tayari, kwa hivyo sitawachosha. Nimeombwa niseme habari za lile kundi letu la pinde na mishale, ambalo wengine wenu mmeliona kule chini ya shamba la kanisa Jumamosi ya pili ya kila mwezi, na wengine mmelisikia tu sokoni. Najua yanayosemwa sokoni. Ati tunafundisha watoto kuwinda. Ati tunarudisha mambo ya giza ambayo babu zetu waliyaacha. Ati mzee fulani alistaafu ualimu akakosa kazi ya kufanya. Hilo la tatu lina ukweli kidogo. Hayo mawili mengine nitayajibu.

Lakini kwanza niseme jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu. Ndugu yangu mdogo yuko hapa, na amenipa ruhusa.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, yeye alikuwa na miaka tisa. Likizo ya Agosti tuliachiwa ng'ombe tuchunge kando ya mto. Tulikuwa tumetengeneza upinde kwa fimbo mbichi na kamba ya katani. Mshale tulitengeneza kwa waya wa mwavuli uliovunjika, tukaunoa juu ya jiwe mpaka ukawa kama sindano. Siku hiyo ndege walikuwa wakila mapera, nami nikalenga. Sikujua ndugu yangu amezunguka nyuma ya mti kuokota mshale wake. Nikaachilia. Alipoteza jicho lake la kushoto.

Baba alivunja upinde ule kwa goti lake, akautia motoni jikoni. Hakunipiga. Ingekuwa afadhali angenipiga. Hakulitaja jambo hilo tena mpaka alipofariki, na mimi sikushika upinde tena kwa zaidi ya miaka arobaini.

Sasa, nilipomwambia ndugu yangu kwamba nataka kuwaeleza hadithi hii leo, aliniambia, "Waeleze yote, lakini usiwaambie ni upinde ulionitoa jicho. Waulize ni nani alitufundisha." Nikamjibu, hakuna. Akasema, "Basi, hapo ndipo penye neno."

Upinde ulibaki, mafundisho yakaenda

Wapendwa, hebu tufikirie. Babu yetu alijua upinde. Kwa Kimeru tunauita uta, na Kiswahili cha zamani kina neno hilo hilo, uta. Katika siku zake kijana hakupewa silaha akaachwa porini. Aliishi na wenzake katika gaaru, ile nyumba ya vijana, chini ya macho ya waliomtangulia. Alifundishwa lini apige na lini asipige, na ni nani wa kuheshimiwa. Alijua kwamba mshale ukishatoka haurudi.

Halafu shule ikaja, kanisa likaja, kahawa na chai zikaja. Hivyo vyote ni baraka, wala sisemi turudi nyuma. Mimi mwenyewe nimekula mshahara wa chaki. Lakini ile gaaru ilikwisha, na mafundisho yake hayakuhamishwa mahali pengine. Fimbo na kamba hazikuisha. Zilibaki pale kando ya mto, zikaokotwa na watoto wawili ambao hawakuambiwa kitu.

Mkiangalia vizuri mtaona kwamba jambo hili si la pinde tu. Kijana hupewa pikipiki leo asubuhi, na jioni amebeba abiria wawili na jogoo. Nani alimfundisha? Mtoto hupewa simu yenye dunia nzima ndani yake. Nani aliketi naye? Chombo kinafika, mafundisho hayafiki. Kisha tunalaumu chombo, tunakivunja kwa goti kama baba yangu, na kijana anakwenda kutafuta kingine mahali ambapo hatumwoni.

Kwa sababu hiyo, sisi familia chache tuliona afadhali tuchukue chombo kimoja, cha zamani na cha bei nafuu, tukifundishe vizuri mbele ya macho ya kila mtu. Tulichagua upinde.

Je, si kitu cha vita na ujangili?

Hili ni swali la haki na silikwepi. Wengine hapa mnakumbuka vizuri mwaka 1992 katika Bonde la Ufa, na tena mwanzoni mwa mwaka 2008 baada ya uchaguzi. Watu waliuawa kwa mishale. Ni Wakenya wenzetu, na waliolenga walikuwa vijana. Mtu akiniambia kwamba upinde ni mchezo tu, nitamwambia hajui nchi yake.

Na kuhusu kuwinda, nchi yetu ina historia yake. Kule chini, karibu na Tsavo na Mto Galana, kuna ndugu zetu Waata. Pinde zao zilikuwa kubwa sana. Kuuvuta mmoja kulihitaji nguvu ya kuinua zaidi ya ratili 100, yaani karibu nusu ya gunia la mahindi la kilo 90. Kwa upinde huo na mshale wenye sumu mtu mmoja aliweza kumwangusha ndovu. Wakati wa ukoloni, miaka ya 1956 na 1957, serikali ilifanya msako mkubwa Tsavo, na wanaume wengi wa Kiwaata wakafungwa jela. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana ili wapate kuwinda kwa kibali, lakini haukudumu. Kisha mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji nchi nzima, na sheria ya wanyama pori ya mwaka 2013 inamtia hatiani mtu yeyote anayewinda hata kwa ajili ya kitoweo.

Kwa hivyo nataka ieleweke na kila mtu, hasa wale wa sokoni. Katika kundi letu hatuwindi. Hatupigi ndege, hatupigi sungura, hata panya wa shamba hatumpigi. Tunapiga gunia. Hakuna sumu, hakuna chembe ya chuma yenye makali. Na upinde hauingii msituni hata siku moja. Mtoto akilenga kiumbe chenye uhai, hata kwa mzaha, anaweka upinde chini, na yeye na mzazi wake wanapumzika mwezi mzima. Imetokea mara mbili. Mara ya pili mtoto alikuwa mjukuu wangu, na mimi nilipumzika pamoja naye. Nawaambia, mwezi huo ulikuwa mrefu.

Neno la Mungu

Wengine wameniuliza kama jambo hili lina msingi katika Biblia. Ukisoma Mwanzo sura ya 21, utamkuta Ishmaeli, kijana aliyefukuzwa nyumbani na mama yake, karibu afe kwa kiu jangwani. Mungu alikuwa pamoja naye, akakua, akawa mpiga upinde. Ukisoma Samweli wa Kwanza sura ya 20, utamwona Yonathani akipiga mishale mitatu shambani ili kumpa rafiki yake Daudi ishara akimbie na kuokoa maisha yake. Mishale ile ilitumika kumponya mtu.

Tena iko Zaburi ya 127, ambayo husomwa sana tunapobariki watoto. Inafananisha watoto wa ujana na mishale mkononi mwa mtu shujaa. Tunalisoma neno hilo tukifurahia wingi wa watoto, lakini mtu aliyewahi kutengeneza mshale huliona kwa njia nyingine. Mshale hauoti juu ya mti ukiwa tayari. Unatafuta unyasi au kijiti, unakiangalia kwa jicho moja, unakipasha moto kidogo pale kilipopinda, unakinyoosha taratibu. Ukikilazimisha kinavunjika. Ukikiacha kinabaki kombo na hakitapiga shabaha kamwe. Na ukishamaliza kazi yote hiyo, lazima ukiachilie. Mshale unaokaa podoni siku zote haujakosea, lakini haujafika popote.

Wazazi, naomba tulitafakari hilo tukienda nyumbani.

Jinsi tunavyofanya

Wengi wameomba nieleze kazi yenyewe. Nitaeleza kwa ufupi.

Kwanza, hakuna mtoto anayeletwa na kuachwa. Akija mtoto, aje na mtu mzima wa nyumba yake, awe baba, mama, shangazi au nyanya. Mtu huyo hajaji kuketi chini ya mti na kusoma gazeti. Anapiga mishale pia. Hii ndiyo sheria iliyotuletea ubishi mkubwa kuliko zote, na ndiyo iliyoleta matunda kuliko zote.

Pili, vifaa ni vya hapa hapa. Pinde za watoto ni za mianzi na miti myepesi, kila mmoja kwa nguvu ya mwenyewe. Mtoto asivute upinde wa baba yake, ataumiza bega na kujifunza vibaya. Shabaha ni magunia mawili yaliyojazwa majani makavu ya migomba, yakakanyagwa mpaka yakawa magumu. Kwa kukinga mkono usichapwe na upote, yaani ile kamba ya upinde, tunafunga kipande cha buti la mpira lililochakaa.

Tatu, mstari. Tunachora mstari mmoja kwa chokaa. Wapigaji wote wanasimama hapo, hakuna wa mbele, hakuna wa nyuma. Shabaha iko hatua kumi tu kwa anayeanza. Nyuma ya shabaha kuna ukingo wa udongo unaozuia mshale uliopotea. Hakuna anayelenga juu angani, kwa maana mshale uliopigwa juu hujui utamwangukia nani.

Nne, filimbi. Tumefuata utaratibu unaotumika katika mashindano ya dunia. Filimbi mbili, wapigaji wanakuja kwenye mstari. Moja, wanaanza kupiga. Tatu, kila mtu ameweka upinde chini na sasa wanakwenda pamoja kuchukua mishale. Zikilia tano au zaidi, kuna hatari, kila kitu kinasimama hapo hapo, hata kama ulikuwa umevuta. Hairuhusiwi mtu yeyote kwenda kuokota mshale wake peke yake. Mnajua kwa nini.

Anayepuliza filimbi ni ndugu yangu. Nilipomwendea na wazo hili mara ya kwanza, alinyamaza muda mrefu, nikafikiri nimemkosea tena. Kisha akasema, "Nitakubali, lakini filimbi ni yangu." Ana jicho moja, lakini halijawahi kumkosa mtoto aliyevuka mstari. Watoto wanamwogopa kuliko mwalimu mkuu, na kila mmoja anataka kuketi karibu naye wakati wa chai.

Tano, kupiga kwenyewe. Simama kando, miguu imeachana kidogo. Vidole vitatu kwenye upote. Vuta mpaka mkono uguse kidevu, kila mara mahali pale pale. Pumua. Usiwe na haraka. Achilia bila kutikisa mkono ulioshika upinde. Wala usivute na kuachilia upinde usio na mshale, utapasuka. Mtoto ambaye darasani hawezi kutulia dakika mbili, mnapaswa kumwona pale kwenye mstari. Hakuna anayempigia kelele atulie. Mshale wenyewe unamwambia kama ametulia.

Si mchezo wa wavulana peke yao

Zamani msichana hakushika upinde. Katika kundi letu wasichana wanashika, na nisiwaaibishe wavulana kwa kusema matokeo.

Vijana wajue kwamba huu ni mchezo wa dunia nzima. Ulirudishwa katika Olimpiki mwaka 1972, na siku hizi wanapiga kutoka mita 70. Kutoka hapa niliposimama hiyo ni mbali kupita lile lori. Shabaha yao ina upana wa sentimita 122, na ile duara ya katikati yenye alama kumi ni sentimita 12.2 tu, kama kisahani cha kikombe cha chai. Mwaka 2016 Olimpiki zilipofanyika Rio de Janeiro, Brazil, aliyebeba bendera ya Kenya siku ya ufunguzi hakuwa mkimbiaji. Alikuwa Shehzana Anwar, mwanamke, mpiga upinde. Wasichana, nasema tena jina, mkalitafute: Shehzana Anwar.

Na kwa wale wenye watoto walemavu ambao bado mnawaficha nyumbani siku kama ya leo, nina neno. Mwaka 1948, kule Stoke Mandeville, Uingereza, daktari mmoja aitwaye Ludwig Guttmann alikuwa akiwatibu askari waliopooza kwa majeraha ya vita. Aliona dawa peke yake haitoshi. Siku ile ile Olimpiki za London zilipofunguliwa, aliwakusanya watu 16 wenye viti vya magurudumu, wanaume 14 na wanawake wawili, wakashindana. Walishindana kupiga mishale. Kutokana na siku hiyo ndogo ilizaliwa michezo mikubwa ya walemavu ambayo leo inaitwa Paralimpiki. Mstari wetu wa chokaa una nafasi ya kiti cha magurudumu, na una nafasi ya mikongojo. Mleteni mtoto.

Macho ya kuona nje

Tulipoanza nilidhani kazi ni kufundisha kupiga. Nikagundua kwamba watoto wetu hawajui mahali wanapoishi. Nilimuuliza kijana wa kidato cha pili jina la mti aliouegemea. Akasema, "Ni mti tu, mwalimu." Alikuwa ameegemea muringa! Mti ambao babu yake alichongea mizinga ya nyuki, na ambao huenda kitanda alichozaliwa juu yake kilitokana nao.

Kwa hivyo siku hizi nusu ya asubuhi ni kutembea. Tunaacha pinde zote kwa mama mmoja, zinahesabiwa, kisha tunashuka mtoni. Kila mara tunamwomba mzee mmoja au nyanya mmoja aje atutajie miti kwa Kimeru, ni ya nini, inaponya nini, inaumiza nani. Nyanya mmoja alituonyesha mmea anaotumia kwa tumbo, akawakataza watoto wasiuguse mpaka waombe. Hilo la kuomba kwanza limekaa vichwani mwao kuliko jina la mmea.

Tunawaeleza pia habari za ule mti wa sumu ya mishale, murichu, ambao jamii nyingi za Kenya ziliutumia. Sumu yake inashambulia moyo. Tunaeleza ili wajue kuuogopa, maana mtoto asiyejua huweza kutumia kijiti chochote kuchokoa meno. Na wanafurahi sana kusikia kwamba kuna panya mmoja mkubwa mwenye manyoya marefu ambaye hutafuna gome la mti huo, akajipaka mate yenye sumu kwenye nywele za ubavuni. Mbwa akimuuma, mbwa ndiye anayeumia. Wataalamu walilithibitisha jambo hilo mwaka 2011. Watu waliokaa na msitu walikuwa wanajua sumu hiyo zamani sana.

Na tukifika mtoni tunawauliza, maji haya yanatoka wapi? Wengi husema, "Kwa mfereji." Basi tunawaonyesha mlima. Mito yetu hii inatoka Mlima Kenya, inateremka, inaingia Tana, inakwenda mpaka baharini. Mwaka 1999 wachunguzi waliruka kwa ndege juu ya misitu ya Mlima Kenya na Imenti, wakaona miti ya thamani ikikatwa, mkaa ukichomwa, na mashamba ya bangi katikati ya msitu. Imenti ya chini ilikuwa imeharibiwa vibaya. Haya hayakufanywa na watu wa kutoka mwezini, jamani. Yalifanywa na sisi, watu wazima tunaokwenda kanisani. Mtoto asiyejua jina la mti hataona uchungu ukikatwa. Anayeujua jina ataona kama jirani ameuawa.

Hatuingii msitu wa serikali bila kibali cha wasimamizi wake. Huko juu kuna ndovu, na sisi si mashujaa.

Kule Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, wako Wahadzabe, watu wapatao elfu moja na zaidi kidogo, ambao baadhi yao hadi leo wanaishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Mvulana wao anashika upinde mdogo akiwa bado ana meno ya utoto. Hakuna darasa wala mahubiri. Anafuatana na wakubwa, anaona, anajaribu, anakosa, anajaribu tena. Mwaka 2011 serikali ya Tanzania iliwapa baadhi yao hati za ardhi yao ya pamoja, kwa sababu bila ardhi elimu hiyo ingekuwa haina pa kukaa. Sisi si Wahadzabe. Tuna chai, tuna kahawa, tuna karo ya kulipa. Lakini tunaweza kujifunza jambo moja kwao. Mtoto hujifunza akiwa karibu na mtu mzima anayefanya, si akiwa mbali na mtu mzima anayekemea.

Mshale uliopotea

Nimalizie na jambo dogo nililoliona mwenyewe. Majina sitataja.

Alikuja baba mmoja kumchukua mwanawe. Walikuwa hawazungumzi tangu matokeo ya mtihani yatoke. Si kugombana, hapana, walikuwa wananyamaziana tu, na sote tunajua kunyamaziana kwa nyumba zetu, mtu anapitisha chumvi bila kuangalia. Baba alisimama kando ya barabara akaita. Kijana alikuwa na mshale mmoja wa mwisho. Akapiga, akakosa gunia na ukingo pia, mshale ukazama kwenye nyasi za ng'ombe. Kanuni yetu ni kwamba mshale haubaki shambani, kwa sababu ng'ombe wa watu watakula nyasi hizo. Nikamwambia baba, "Samahani, itabidi umsaidie, mimi goti linauma."

Walitafuta karibu nusu saa, wameinama, mmoja huku, mwingine kule. Mwanzo walikuwa kimya. Halafu nikasikia baba akisema, "Wewe uliangalia ulipoangukia?" Kijana akasema, "Niliangalia, lakini jua." Halafu sikusikia maneno mengine, nikasikia wanacheka. Sijui walicheka nini. Mshale waliupata. Mwezi uliofuata baba alikuja saa mbili kamili asubuhi, amevaa buti, akaniuliza yeye atapiga lini.

Mtihani haukubadilika. Karo bado ni tatizo. Lakini kuna mlango uliofunguka kidogo, na ulifunguka kwa sababu wawili hao walikuwa nje ya nyumba, wakitafuta kitu kimoja.

Ombi langu

Sina ombi la harambee leo, mwenyekiti asishtuke. Naomba mambo manne. Kila familia inayotaka kujiunga ilete gunia moja kuukuu na majani ya migomba ya kulijaza. Wazee na nyanya wanaojua miti wajitolee Jumamosi moja kwa mwaka, moja tu, kabla hamjaenda na majina hayo yote kaburini. Akina mama wauguzi watufundishe huduma ya kwanza, kwa maana tuna sanduku lakini tunajua kufunga kidole tu. La nne ni la akina baba. Tafadhali, msitume mtoto. Njooni naye.

Na nyinyi watoto, ambao mmenisikiliza vizuri kuliko wazazi wenu walio nyuma pale, mkiona wenzenu kando ya mto wametengeneza upinde wa waya wa mwavuli, msiwacheke wala msikimbie kuwashtaki. Waambieni waje Jumamosi ya pili ya mwezi. Waambieni kuna mzee pale mwenye filimbi, na kwamba alikuwa kama wao.

Mungu awabariki, na sasa mwenyekiti anaweza kututangazia chakula.